Langi Mbili

"Moja tunayo," Luteni Bakhit alisema. "Wewe leta ile ingine."

Inspekta Obwona alikuwa amesimama mbele ya meza ambayo mpaka juzi ilikuwa meza yake. Sasa luteni wa jeshi ndiye aliyeikalia, buti moja juu ya faili za watu, na taa ya mrija mweupe inawaka darini ingawa nje jua lilikuwa linachoma. Mkono wake wa kulia haukutulia. Kila baada ya maneno machache uliingia mfuko wa kifuani, ukapapasa kitu, ukatoka mtupu.

"Afande, mpishi alipigwa na vijana wako kabla hajasema neno," Obwona alisema. "Mtu wa hali hiyo anaweza kusema lolote."

"Alisema sawa sawa. Waliuliza nini imeua mzee, akasema Langi mbili. Watu yangu yote ilisikia. Okullo ya pale getini ni Langi ama si Langi?"

"Ni Langi."

"Basi hiyo moja. Lori inaondoka jioni. Ukileta ya pili, itaenda mbili. Ukikosa, Okullo atakwenda peke yake." Luteni aliinama mbele. "Na ile kijiwe nyekundu. Hiyo nataka kuliko Langi. Wewe mwenyewe kabila gani?"

"Acholi."

"Ni mamoja tu," Luteni alisema, akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Marehemu alikuwa Uthman, muuza vito. Alikutwa Alhamisi jioni ndani ya fleti yake ya Bugolobi, utosi umepasuliwa kwa mizani yake mwenyewe ya shaba. Jiwe alilolipokea siku hiyohiyo kutoka mpakani halikuonekana. Kulipopambazuka Luteni Bakhit alifika na watu wake, akatangaza kwamba hii ni kesi ya magendo, na magendo ni mambo ya jeshi. Polisi wakaachiwa kazi ya kutembea.

Nje, kwenye benchi, alikaa Santa, mke wa Okullo, na chupa ya uji ambayo askari wa zamu alikuwa amekataa kuipokea. Alimtazama Obwona usoni, akatazama lori lililoegeshwa uani, akarudisha macho kwenye chupa yake. Kila mtu kituoni alijua lori lile linakwenda wapi, na hakuna aliyewahi kupokea barua kutoka huko.

Obwona aliogopa. Hakuona haya kukiri hilo moyoni. Mtu aliyeambiwa alete Mlangi wa pili, akashindwa, huku mwenyewe akitoka upande uleule wa kaskazini ambao watu wake jeshi lilikuwa linawawinda, hana haja ya kupigiwa ramli. Lakini pamoja na hofu kulikuwa na kitu kingine kilichomkera. Alimjua Okullo miaka yote ya Bugolobi, mlinzi mwoga wa mbwa, mtu wa kufunga geti na kulikagua tena kama limefungika. Watu wa aina hiyo hawapasui watu utosi kwa mizani.

Akashika njia ya hospitali ya Nsambya, kwa miguu, karibu anakimbia.

* * *

Erinayo, mpishi wa marehemu, alikuwa amelazwa wodi ya mwisho, uso umevimba, jicho moja limefumba. Alipoona kofia ya polisi alijivuta ukutani.

"Si mwanajeshi mimi," Obwona alisema, akavua kofia. "Mimi wa kesi. Niambie jioni ile."

"Hapakuwa stima, afande. Irikatika. Mzee alitaka taa, nikamuretea tadoba. Akasema hii moshi mingi, reta kandiri. Nikareta kandiri, nikaweka pare mezani."

"Halafu?"

"Mzee alicheka sana. Alicheka peke yake. Akasema, Erinayo, ona." Mpishi alijifuta jicho lililovimba. "Halafu akasema mafuta itaisha, kimbia duka. Nikaenda duka. Kurudi, mzee yuko chini."

"Ulimwona mtu?"

"Hapana mutu."

"Mlangoni? Ngazini? Gari?"

"Hapana, afande. Kweri."

Obwona alivuta stuli karibu. Hapo ndipo uvumilivu ulipoanza kumwisha. "Sasa kama hukuona mtu, mbona uliwaambia wanajeshi habari ya Langi?"

"Waliuliza nini imeua mzee. Nikasema ire kitu imeua mzee ni ya langi mbiri."

"Unawajua?"

"Nani?"

"Hao Langi."

Jicho zima la Erinayo lilimkodolea. "Mimi najua Okullo tu. Ni lafiki yangu. Okullo hakuna kosa."

"Basi kwa nini ulimtaja?"

"Siritaja Okullo," mpishi alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Mungu anajua. Siritaja mutu."

Mtawa wa zamu alikuja akasema mgonjwa amechoka. Obwona aliondoka amekasirika. Shahidi anasema Langi wawili, papo hapo anasema hakutaja mtu. Alikuwa ameishi Kampala muda mrefu mno. Masikio yake yalikuwa yamezoea Kiswahili cha Waganda hata hayakukisikia tena: mtu akimwambia lafiki, yeye alisikia rafiki, akaendelea na safari yake. Neno moja tu halikujinyoosha lenyewe, kwa sababu lilikuwa na maana kamili, na mwaka ule maana hiyo ilimtisha kila mtu.

* * *

Nyumba ya ukoo wa Uthman ilikuwa upande wa juu wa Kibuli, mgongoni mwa msikiti. Ilikuwa na baraza pana na mlango mzito ambao babu yao, mfanyabiashara wa pwani, alikuja nao vipande vipande na kuuunga hapohapo. Mkeka wa matanga ulikuwa bado haujakunjwa. Obwona alivua viatu.

Aliyempokea ni Maftah, mdogo wa marehemu, sonara, mwenye kanzu safi na uso usiotaka wageni. Nyuma yake ushoroba ulizibwa kwa pazia zito, na nyuma ya pazia alikuwa Naila, mjane. Alikuwa ameingia eda. Hakuruhusiwa kuonekana na mwanamume wa kando, lakini hakuna aliyemkataza kusikia.

Obwona alianza na Maftah bila kuzunguka. Majirani wa Kibuli walikwishamwambia kwamba ndugu hao waligombana Alhamisi mchana.

"Tuligombana," Maftah alisema. "Hapa hapa barazani. Ndugu hugombana."

"Kwa ajili ya jiwe."

"Kwa ajili ya bei. Alitaka nilinunue kwa bei ya wazimu. Jiwe lenyewe limechuja, ndani lina ufa unaouona hata bila kioo cha kukuzia, na aliyelikata alikuwa na haraka, tumbo kalifanya nene ili abakize uzito. Uzito bila mwanga ni kokoto tu. Nikamwambia hivyo. Akacheka, akaondoka nalo Bugolobi."

"Na jioni ukamfuata."

"Jioni nilikuwa msikitini na watu mia."

"Watu mia hawahesabiani."

Obwona akahisi ule msisimko mdogo wa mvuvi ambaye kamba imemcheza mkononi. Ndugu, sonara, mwenye tamaa na ugomvi. Kama angekuwa amemshika huyu, Okullo angelala kwake leo. Aliuliza swali lililofuata kwa pupa, karibu kwa furaha.

"Hilo jiwe jekundu, lilikuwa na ukubwa gani?"

"Jekundu lipi?"

"La ndugu yako."

"Nani kakwambia jekundu? Mimi nimelishika kwa mkono huu, juani, nikaligeuza kila upande. Kijani. Kijani cha majani yaliyonyeshewa mvua nyingi." Maftah alimtazama kwa dharau ya wazi. "Afande, kama unatafuta jiwe jekundu, basi hulitafuti la kwetu."

Kicheko kifupi, kikavu, kilitoka nyuma ya pazia.

"Shemeji yangu kaona nusu," sauti ya mwanamke ikasema. "Na Uthman kamwacha na nusu yake makusudi."

"Naila," Maftah alionya.

"Nisemeje? Mtu yuko kaburini." Sauti haikupanda. "Afande, baba yangu alikuwa sonara kabla huyu Maftah hajawa. Nimekua nikiokota chenga za mawe chini ya meza. Watu wanadhani jiwe lina bei kwa sababu linang'aa. Kioo cha soda nacho kinang'aa. Kwanza utatazama usafi wake, ufa na mawingu yote. Lakini kuna mawe yenye nyuzi ndani, laini kuliko nywele, na kwa jiwe la kawaida hizo ni ila, zinashusha bei. Lichonge mviringo, liweke chini ya taa moja, utaona nyuzi zilezile zinatoa nyota yenye miguu, inatembea ukilitikisa. Au zinatoa mstari mmoja katikati, jicho la paka. Hapo ila imekuwa ndiyo bei yenyewe. Kwa hiyo mwenye akili haulizi tu jiwe likoje. Anauliza linatazamwa na taa gani."

"Na hili?"

"Hili halikuwa na nyota. Hili lilikuwa la rangi mbili."

Obwona alikuwa ameinua mkono kumfukuza nzi. Mkono ulibaki hewani.

"Sema tena, mama."

"La rangi mbili. Juani ni la kijani, kama alivyosema Maftah. Likiingia kwenye mwanga wa mshumaa, au kandili, hata balbu ile ya njano, linakuwa jekundu. Likirudi juani, kijani. Mawe ya hivyo ni adimu. Kadiri kubadilika kunavyokuwa kukamilifu, bei inapanda, na ufa mdogo hakuna anayeujali tena. Uthman alininong'oneza pale mlangoni. Alisema akiuza kama jiwe la kijani atapata nauli, akiuza usiku kwa taa atapata nyumba."

Rangi mbili. Ire kitu imeua mzee ni ya langi mbiri. Erinayo hakuwa ametaja mtu. Aliulizwa nini kimemuua bwana wake, akajibu alivyoelewa, kwamba ni lile jiwe, kwa sababu aliliona mchana likiwa hivi, na jioni akaitwa mezani, chini ya kandili, akaliona likiwa vile. Mtoto wa shule angesema rangi mbili, Langi wawili, na tofauti ingejulikana. Lakini Kiswahili cha kambini hakihangaiki na mambo hayo. Mbili ni mbili, ziwe rangi au watu.

Obwona alijisikia hasira mpaka masikio yakamwaka. Mtu alikuwa anangoja lori kwa sababu ya herufi moja.

Kisha akatulia, maana kulikuwa na jambo jingine nyuma ya hilo, na lilikuwa baya zaidi.

"Mama Naila, nani mwingine alijua kwamba linabadilika?"

"Uthman na mimi. Na Erinayo, kama alioneshwa."

"Taa ya fleti ni ya mrija mweupe?"

"Ya mrija. Hiyo hailibadilishi. Ndiyo maana aliliacha lilale hivyo mpaka apate mnunuzi."

"Wanajeshi walipokuja hapa, walisemaje?"

"Siku ya mazishi," Maftah alidakia. "Mkubwa wao aliuliza, jiwe jekundu liko wapi. Nikamwambia sijui jiwe jekundu. Akanipiga kofi."

"Kabla hawajamhoji mpishi, au baada?"

"Kabla. Walitoka hapa ndipo wakaenda kumchukua."

Obwona aliitikia kwa kichwa polepole. Jiwe lilifika mchana, na kila aliyelishika mchana aliona kijani. Jekundu lilionekana jioni moja tu, jioni stima ilipokatika, kwenye meza moja, kwa muda ule kandili ilipokuwa inawaka. Erinayo alikuwa dukani. Yeyote aliyeondoka na neno "jekundu" mdomoni alikuwa amekaa kwenye meza ile na Uthman. Na neno hilo Obwona alilisikia asubuhi hii, kutoka kwa mtu aliyekalia kiti chake, ambaye mkono wake haukuacha kupapasa mfuko wa kifuani. Alikuwa nalo. Kwa siku hizi zote alikuwa nalo, anachungulia chini ya taa ya mrija, anaona kijani, anaamini mzee alimbadilishia. Ndiyo maana anapasua nyumba za watu.

"Umejua kitu," sauti ya nyuma ya pazia ilisema.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama upande wa Nsambya. Obwona alifikiria lori. Alifikiria pia kwamba mjane huyu ana haki ya kusikia, na kwamba akimwambia atauliza maswali, na maswali yana muda wake.

"Niazimeni kandili moja," alisema. "Na kibiriti."

* * *

"Umeleta Langi?" Luteni Bakhit aliuliza.

"Hakuna Langi, afande. Nimeleta taa."

Luteni aliitazama kandili, akatazama dirisha lililojaa jua, akacheka kwa kelele. Obwona aliiweka mezani kati yao, akangoja kicheko kiishe.

"Mpishi ni Muganda. Rafiki anaita lafiki. Rangi anaita langi. Waliuliza nini imeua mzee, yeye akajibu ni jiwe. Jiwe ya rangi mbili."

"Hiyo ni maneno ya mwalimu."

"Ile nyekundu najua iko wapi."

Buti zilishuka kutoka mezani. "Wapi?"

"Kwanza Okullo atoke. Na mke wake. Niwaone wamepita geti."

Luteni alifungua kishikizo cha mkoba, akatoa bastola, akaiweka juu ya faili. Hakuielekeza popote. "Na nikikupiga hapa?"

"Utabaki na kijani," Obwona alisema.

Mkono wa Luteni ulikuwa njiani kwenda kifuani. Ulisimama, ukakaa hapo hewani muda mrefu, na katika muda huo wote wawili walielewana kabisa. Kisha Luteni akaita koplo kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chai.

Obwona alisimama dirishani. Okullo alitoka akichechemea, mkono mmoja juu ya macho kwa sababu ya jua. Santa aliinuka kwenye benchi. Hawakukumbatiana. Alimpa chupa ya uji, akamshika kiwiko, wakapita karibu na lori bila kulitazama, wakapita geti, wakapotea nyuma ya ukuta wa reli. Obwona alihesabu pumzi zake mpaka akawa na hakika hakuna askari aliyewafuata.

Alifunga pazia. Alizima taa ya mrija. Akawasha kandili na kupandisha utambi.

"Sasa toa."

Luteni alitoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua. Jiwe lilianguka kwenye mwanga wa njano, si kubwa kuliko punje ya mahindi, na lilikuwa jekundu mpaka pembeni. Hata Obwona, aliyejua, alivuta pumzi.

"Kumbe ni hii hii," Luteni alisema taratibu. Sura yake yote ilikuwa imelegea kwa furaha. "Niliona nyekundu, halafu asubuhi kijani. Nikasema huyu mzee amenichezea. Kumbe masikini hakunichezea." Aliligeuza kwa ncha ya kidole. "Bei gani?"

Hapo palikuwa na ungamo zima, limetolewa kwa afisa wa polisi, ofisini, mchana. Obwona hakuwa na mahali popote pa kulipeleka.

"Usiuze mchana," alisikia sauti yake mwenyewe ikisema. "Watakutajia ufa na mkato. Uza kwa taa kama hii. Likibadilika hivi, hawatauliza ufa."

"Wewe mtu mzuri," Luteni alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye jiwe.

* * *

Alipanda tena Kibuli wakati watu wanateremka kutoka swala ya magharibi. Maftah alimkuta barazani, akaona hana kandili, akaelewa kitu na kumpisha.

"Umempata?" Naila aliuliza.

"Nimempata."

"Yuko ndani?"

"Yuko kwenye kiti changu."

Akamweleza yote. Alimweleza kuhusu neno la Erinayo na mkono wa Luteni na geti, na hakuficha ushauri wa mwisho juu ya taa. Maftah alitema nje ya baraza, akaingia zake ndani. Pazia halikutikisika.

"Huyo mlinzi yuko wapi sasa?"

"Njiani kwenda kwao, na mkewe."

"Alhamdulillahi." Kisha sauti ya Naila ikakaza. "Jiwe lilikuwa la nyumba hii, afande. Na damu ilikuwa ya mume wangu. Umelipa kwa vyote viwili."

"Lori lilikuwa linaondoka, mama."

"Ulikuwa umekaa hapo hapo ulipo. Ulijua, nikasikia unajua, ukaomba kandili. Kutoka hapo mpaka kwangu ni kitambaa tu."

Obwona aliinua uso kuelekea pazia. "Ningekuuliza, ungekataa?"

"Ningekubali," Naila alisema, na sasa alikuwa analia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kama Obwona alivyokuja kuambiwa baadaye. "Ningesema mpe. Lakini ningekuwa mimi niliyetoa."

Obwona aliona aibu, aibu nzito ambayo kazi yote ya siku ile haikuweza kuifunika. Aliinama akavaa viatu vyake, akafunga kamba, akazifungua, akazifunga tena. Alitaka kuomba radhi. Alipoinua kichwa kuanza kusema, alisikia mlango wa ndani ukifungwa mwisho wa ushoroba, na akajua nyuma ya pazia hakuna mtu.